Firigisi Iliyovuka Mpaka

Asubuhi ya Siku ya Wapendanao, iliyoangukia Jumamosi, Osea Haonga alifunua sufuria ya kuku ili aonje chumvi, akakuta firigisi haipo. Akasogeza mapaja kando kwa mwiko, akapekua chini ya mchuzi, akakuta shingo, akakuta maini, akakuta hata miguu ambayo Mika huipigania kila mwaka. Firigisi hakuna. Akafunika sufuria polepole na kuangalia mlangoni kama kuna anayemwona.

Atetewe kidogo, maana wapo watakaocheka kusikia mwanaume mzima, na ndevu zake, anasaka kipande cha nyama kisichojaza hata kiganja. Osea ni Mnyiha wa Hasamba. Kwao kuku akichinjwa, hata wageni wajae mpaka barazani, firigisi ni ya baba mwenye nyumba na hakuna anayehitaji kukumbushwa. Anayepika anaitenga pembeni ya sahani na kuileta huku amepiga magoti. Scola, binti yake wa miaka kumi na mitatu, ndiye aliyekuwa akiitenga tangu mama yake aondoke. Kwa hiyo hakuisahau. Ameipeleka mahali.

Haikumchukua muda kuiona. Juu ya kabati, nyuma ya ndoo ya unga, kulikuwa na hotipoti ndogo iliyofungwa kwa kanga. Osea alifungua fundo, akainua kifuniko. Wali umeshindiliwa vizuri, paja moja zima, na juu kabisa, katikati, mahali pa mtu anayeheshimiwa, firigisi. Alirudisha kifuniko, akafunga kanga kwa fundo lilelile, akaenda kuchochea mkaa.

Kuna watu kazi zao huwaingia damuni. Osea anashona maturubai ya malori yanayosubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia. Dereva akimletea turubai lililopasuka, kabla hajatia uzi kwenye shazia, ile sindano yake nene, huliinamia tundu na kulitazama sana: limechanika kwa upepo, au limechanwa kwa kisu? Mara nyingi huwa kisu. Kazi hiyo imemfanya asiamini kitu chochote kilicho kizima. Akinunua nyanya anazigeuza zote chini juu. Mchungaji akimsifu mbele ya watu, yeye anajiuliza safari hii mchango ni wa nini.

Hata mkewe, Rozi, alimkagua hivyohivyo. Rozi alikuwa akivusha mchele kwenda Nakonde na kurudi na dagaa, kazi ya kawaida kabisa kwa mwanamke wa Tunduma, mji ambao ukiruka mfereji tu uko nchi nyingine. Osea alitaka kujua kila mteja ni nani, amesema nini, na kwa nini amecheka. Jioni moja mvua kubwa ilimchelewesha Rozi ng'ambo. Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeshaingia, akakuta mlango umefungwa kwa ndani na begi lake liko nje linalowa. Aligonga, akaita, mwishowe akanyamaza, na kulipokucha hakuwepo. Baada ya muda dereva mmoja, katika kupiga soga, alisema amemwona mwanamke kama huyo kule Kopabelti, kwenye migodi ya shaba ya Zambia, na mfanyabiashara fulani. Dereva mwenyewe hakuwa na hakika. Osea alikuwa nayo. Akawaambia watoto kwamba mama yao amewatupa na ameolewa mbali, na habari za mama zikaishia hapo.

Lakini kuwalea aliwalea, hilo halina ubishi. Mwaka ule wa kwanza bila Rozi, Mika, aliyekuwa chekechea, alirudi nyumbani analia. Mwalimu alikuwa amesema kesho kila mtoto avae kitu chekundu na aseme anampenda nani, na yeye nguo nyekundu hana wala hajui amtaje nani. Osea, ambaye mpaka siku hiyo aliiita Siku ya Wapendanao upuuzi wa watu wasio na kazi, alikata kipande cha turubai jekundu akamshonea mwanawe kizibao kigumu kilichopiga kelele kila alipoinua mkono. Kesho yake akachinja kuku. Ikawa desturi ya watatu hao: chakula kizuri, kitu chekundu mwilini, na kabla ya kula kila mmoja anamwambia mwenzake jema moja aliloliona kwake mwaka huo. Zamu ya Osea ilichelewa kuliko zote, maana kutafuta jema hakukuwa fani yake, ila alilipata, na watoto waliringa nalo wiki nzima. Hao wawili ndio aliobakiwa nao. Alikuwa ameapa moyoni kwamba hatokei mtu wa kumchukulia hata mmoja. Na sasa firigisi yake imo kwenye hotipoti ya mtu.

Tena haikuwa dalili ya kwanza. Baada ya Krismasi alimnunulia Scola saa ya mkononi kwa mmachinga. Siku chache tu akaiona iko nyuma kwa saa nzima. Akamlaani mmachinga, akaiweka sawa. Kesho yake iko nyuma tena, saa nzima kamili. Mtu wa Dodoma angeipeleka kwa fundi. Mtu wa Tunduma hahitaji fundi, kwa sababu Wazambia wako nyuma yetu kwa saa moja na hata mtoto mdogo analijua hilo. Saa ya Scola ilikuwa inasoma muda wa ng'ambo, na kila Osea alipoirudisha Tanzania, kuna mtu aliivusha tena.

Hakuuliza. Watu wa aina yake hawaulizi, wanachunga. Scola akienda kuoga, Osea anaipeleka mbele. Akiamka, anaikuta imerudi nyuma. Wakaendelea hivyo baba na binti, Januari yote na zaidi, hakuna aliyemwambia mwenzake neno. Osea akawaza madereva. Anashinda nao, anawasikia wanavyowaongelea mabinti wa mjini, na baadhi yao wana watoto wakubwa kuliko Scola. Nani mwingine angemfanya mtoto wa shule aishi kwa saa za nchi ya watu? Mtu hajigeuzii saa bure. Hapo pana mapenzi, akajiambia.

"Scola," aliita huku akipepea jiko. "Leo tunakula muda gani?"

Scola alitokea chumbani na gauni lake jekundu, nywele amezibana vizuri. Alikuwa amependeza, jambo ambalo Osea alilihesabu kuwa dalili nyingine.

"Tule jioni, baba. Mchana tuna kwaya ya watoto kanisani. Mwalimu amesema tusikose."

"Inaanza saa ngapi hiyo kwaya?"

Binti alitupia jicho mkononi. "Saa sita."

"Mika naye anakwenda?"

"Ndiyo, baba. Anaimba mstari wa mbele."

Mika, aliyekuwa mkekani akihangaika na soksi, alianza kukohoa. Mtoto huyo ana miaka minane na hajajua kudanganya. Akishirikishwa uongo, anakohoa.

"Na mwalimu nimemwekea chakula kidogo," Scola akaongeza haraka. "Si vibaya, baba?"

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu."

"Si vibaya," Osea alisema, akampa mgongo ili asionekane uso.

Saa sita ikafika. Redio ya jirani ikatangaza habari, na Scola alikuwa bado anampaka Mika mafuta ya miguu bila haraka yoyote. Habari zikaisha, miziki ikapigwa, matangazo ya vifo yakasomwa. Ilipotimia saa saba, yaani saa sita ya Nakonde, binti akachukua hotipoti, akamshika mdogo wake mkono, akaaga kwa adabu zote. Osea aliwaacha wafike kona. Kisha akachukua kofia, akatia shazia mfukoni, akatoka.

Getini alikutana na Tumpe, jirani yake, anayeanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limeshakaa vibaya.

"Baba Scola, na wingu hili unakwenda wapi?"

"Kanisani."

Tumpe alimtazama, akatazama kule walikoelekea watoto. "Leo waache tu, Baba Scola. Siku yenyewe ni ya upendo."

"Niwaache na nani?"

"Nimesema tu," Tumpe akajibu, akaingiza uso kwenye nguo zake.

Kwa hiyo na huyu anajua! Osea aliondoka anasaga meno. Mji mzima unajua isipokuwa baba wa mtoto. Akakumbuka kwamba ni Tumpe aliyempeleka Scola Nakonde likizo ya Desemba kutafuta viatu vya shule, na kwamba Scola alirudi siku hiyo macho yamevimba akasema ni vumbi. Vumbi gani la Desemba, mvua zinanyesha?

Kanisa lilipitwa kama halipo. Watoto wakakata kushoto kwenye soko, wakaingia vichochoroni. Osea aliwafuata kwa kujificha nyuma ya mkokoteni wa viazi, na msukuma mkokoteni akawa anageuka kumwangalia asimwelewe. Walivuka pale wanapovukia wanawake wa mabeseni, katikati ya maduka, bila kusimama, kama watu wanaokwenda kisimani kwao. Njia waliijua. Osea mwenyewe hakuwa amekanyaga ng'ambo tangu Rozi aondoke, na ilibidi aangalie anapoweka mguu. Upande wa pili bei zikawa za kwacha, salamu zikawa mwapoleni, na muda ukarudi nyuma.

Wakaingia kwenye safu za salaula, mitumba ya Wazambia. Mwanaume mnene mwenye kofia ya dereva aliinuka kwenye benchi akanyoosha mikono. "Scola! Mwapoleni!" Mkono wa Osea ukaingia mfukoni. Lakini Scola alibonyea magoti kidogo, akaitika kwa heshima, akapita zake, na yule mtu akarudi kukaa. Osea akaendelea kushika shazia.

Mwisho wa safu, mwanamke aliyevaa kilemba alikuwa ameinama akipanga viatu mezani. Mteja mmoja alikuwa anamuuliza, "Shinga, bamayo?" na yeye anamtajia bei. Mika akauachia mkono wa dada yake akakimbia.

"Mama!"

Osea alijibanza nyuma ya makoti yaliyotundikwa kwenye meza ya jirani. Alikuwa Rozi. Amekonda, ila ni Rozi yuleyule, na kicheko kilekile kilichokuwa kikimnyima Osea raha. Ungetegemea mtu ashushe pumzi: hakuna dereva, hakuna jitu lolote, mtoto yuko salama mikononi mwa mama yake. Osea hakushusha. Kusema kweli angeona nafuu akimkuta dereva. Kwa dereva alikuja na shazia, na kwa Rozi hakuwa amekuja na kitu.

Walikaa watatu kwenye gunia, Rozi akafungua hotipoti.

"Firigisi? Mmeniwekea mimi?"

"Leo ni yako," Scola alisema.

"Sijawahi kuila maisha yangu. Nyumbani kwetu alikula baba yangu, nikaolewa akala baba yenu." Akaitia mdomoni, akatafuna, akatafuna tena, akacheka mpaka akashika shavu. "Kumbe ngumu hivi! Na wanavyoigombania!"

Watoto wakaangua kicheko. Nyuma ya makoti Osea alisikia uso unamwaka moto.

"Sasa jema la mama," Mika akasema, wali umejaa mdomoni. "Mimi naanza. Mama, tukichelewa haondoki. Anatungoja."

"Mimi," Scola alisema, "jema lako ni kwamba uko karibu. Nikiwa darasani naangalia saa, najua sasa hivi mama anapanga meza, sasa hivi anakunywa chai. Baba anaigeuza, mimi naigeuza tena."

"Anajua?"

"Anajua saa. Kwamba ni wewe hajui."

Rozi aliacha kula. "Na yeye mmemwandalia jema lake la leo?"

"Tutamwambia jioni."

"Mwambieni. Baba yenu ana mema yake."

Hata hapo, jamani, hata hapo Osea alijiuliza kama Rozi ameshamwona, na anasema hivyo ili asikike. Hakuwa amemwona. Ila mvua ilianza kudondoka, mwenye makoti akaja mbio, akayakumbatia yote kwa mkupuo mmoja, akaondoka nayo. Osea akabaki amesimama peupe, mkono mfukoni.

"Baba," Scola alisema.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akamvuta Mika nyuma yake, akasimama mbele. Osea aliona binti yake anamkinga mdogo wake, akageuka kuona anamkinga na nini. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Karibu, Baba Scola," Rozi alisema taratibu. "Utalowa."

"Kopabelti umerudi lini?"

"Kopabelti nilifuata nini? Niko hapa tangu asubuhi ile. Nilirudi kugonga, Tumpe ni shahidi yangu. Ulikuwemo ndani, nilikusikia unakohoa."

Ni kweli alikohoa. Osea akamgeukia binti yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa, baba."

"Nimekupiga lini mimi?"

"Hujatupiga."

"Sasa unaogopa nini?"

Scola alitazama chini. Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na haikujulikana yapi ni ya mvua. "Usiku ule mama anagonga, mimi sikuwa nimelala. Nilikuona umesimama nyuma ya mlango. Nikajua ukimkasirikia mtu ndivyo inavyokuwa. Nikamwambia Mika, baba akijua tunampenda mama, na vitu vyetu ataviweka nje."

Osea alimtazama akitafuta ni nani aliyemfundisha maneno hayo. Alimtazama Rozi, akamtazama Mika, akarudi kwake. Rozi mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, maana na yeye ndiyo kwanza anayasikia. Hakuna aliyemfundisha. Yalikuwa yake, alikaa nayo miaka yote hiyo huku akimpikia, akimfulia, na kumletea firigisi kwa magoti. Osea alidhani ile ni heshima. Iliuma, iliuma kuliko ile siku aliyoamka akakuta Rozi hayupo.

"Kaeni," alisema. "Malizeni kula na mama yenu. Mtarudi mtakapotaka."

"Hata giza likiingia?" Mika aliuliza kutoka nyuma ya dada yake.

"Hata giza likiingia. Mlango utakuwa wazi."

Mika alimtazama mama yake, mama akamtazama Scola, na Scola akatazama kiatu. Rozi alivuta turubai kufunika viatu vyake, na Osea akaona lina tundu, akataka kusema atalishona, akakosa pa kuanzia. Akaondoka.

Nyumbani alifungua mlango wa mbele mpaka mwisho, akauegemeza jiwe ili upepo usiusukume. Mvua ikawa inaingia sebuleni na kulowesha mkeka, akaiacha iingie. Akavuta kigoda akakaa pale mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu awe baba, Osea Haonga aliomba watoto wake wachelewe. Wachelewe sana. Taa ziwashwe, watu wafunge maduka, vyura waanze kelele, ndipo waje wakitembea wanaongea, wamkute amekaa hapohapo na mlango uko wazi, waone kwa macho yao. Maneno alishayasema pale sokoni na aliona yalivyopokelewa. Hii ndiyo njia iliyobaki. Tumpe alichungulia, akaona mlango, akaona mkeka unaoelea, akarudi ndani.

Hakuwa amekaa sana aliposikia miguu inakimbia kwenye matope. Jua lilikuwa bado liko juu nyuma ya mawingu, na maduka yote bado yako wazi. Scola alikata kona anamburuza Mika, ambaye kiatu kimoja amekivaa na kingine amekishika mkononi. Hotipoti ilikuwa kwapani, na kwa jinsi ilivyomwelemea, chakula kilikuwa hakijaliwa hata nusu.

Walisimama nje ya kizingiti, wanahema.

"Hatujachelewa, baba," Scola alisema. "Bado mapema."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Mvua ilikuwa inawanyeshea wote wawili, na walibaki palepale nje, wanamwangalia usoni, wanasubiri aseme waingie.